Jumatano za Ziwa Kwemazi

Nimestaafu wiki tatu zilizopita, na tayari vijana wa ofisini wameniletea daftari jipya niwaandikie "mambo ya kazi". Vyeo sitavieleza, kwa kuwa vyangu vyote vinaenea kwenye ukucha. Mishahara nayo, kila aliyefanya kazi serikalini anaijua bila kuambiwa. Nitaandika habari za mbao mbili za kupimia maji, mlima mmoja, na siku niliyokataa amri. Asiyependa kusikia habari za kukataa amri aishie hapa, arudi akapige mihuri yake.

Mimi ni mtu wa Makorora. Katika ile miaka ya hamsini nilipoajiriwa kuwa msoma kipimo, mlima mrefu niliowahi kuupanda ni ngazi za ofisi yetu ya Raskazone. Jirani alimwambia mama, "Mwanao kaajiriwa kupanda mlima? Mtu wa pwani pumzi zake za kuogelea." Mama akamjibu kuwa pumzi ni pumzi, na kama yake imemzidi aje amsaidie kutwanga. Ulimi wangu nimeurithi hapo, na mtaona ulikonifikisha.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuisimulia. Kule juu milimani, nyuma ya Muheza, kuna ziwa dogo liitwalo Kwemazi. Maji yake hutokea penye mlango mwembamba wa mawe, yakaporomoka ukuta mrefu wa mwamba, kisha yakawa mto unaoteremka kwenda mashambani. Ofisi ilikuwa na mbao mbili zilizopakwa rangi nyeupe na nyeusi, zenye alama za futi na inchi. Ubao wa juu ulisimama ndani ya ziwa, karibu na mlango wake. Ubao wa chini ulisimama mtoni, chini ya poromoko. Kila Jumatano nilitakiwa kuzisoma zote mbili na kurudi siku hiyohiyo. Lori la magogo lilinishusha barabara inapoishia, alfajiri. Kutoka hapo ilikuwa saa tano za miguu kupanda, na tatu na nusu kuteremka kama hujavunjika.

Siku ya kwanza nilikwenda na Mzee Singano, Msambaa mkavu mwenye magoti kama ya mbuzi, aliyeifanya kazi hiyo kabla yangu. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanitazama miguuni. Nilivaa viatu vya ngozi vya Idi.

"Hivyo utavizika leo," akasema.

Saa tatu asubuhi soli ya kulia ilikuwa imeshabaki kwenye tope. Ofisi ilinipa pia mwavuli. Sijui nani aliyeketi kitini akaona mtu anayepita chini ya msitu, anayeng'ang'ania mizizi kwa mikono miwili, atashika mwavuli kwa mkono upi. Niliuacha kwa mama muuza uji wa pale lori linaposimama, na nasikia ulimfaa sana.

Mzee Singano alinifundisha kazi kwa maneno machache. Andika kwa penseli, maana wino na mvua haviishi nyumba moja. Chuchumaa mpaka jicho lako liwe sawa na maji, kwani anayesoma akiwa amesimama husoma uwongo. Maji yakichezacheza, ngoja, kisha chukua katikati ya juu na chini. Usile kushiba kabla ya ukuta wa mwamba. Siafu wakikuingia suruali, ivue pale pale wala usione haya, haya ni ya mjini.

Katikati ya ukuta huo, pembeni mwa poromoko, kuna jiwe limechomoza kama meza. Mzee Singano alisimama hapo, akaweka viganja mdomoni na kuita kwa sauti ndefu mara tatu. Juu mwanamke akaitikia.

"Hapa watu wanabisha hodi," akaniambia. "Ukiwa mwenyewe, ita mara tatu. Ukiwa na mgeni, hasa bwana shamba au mtu yeyote wa ofisi, ita mara nne. Ukiita nne, wanafungua."

"Wanafungua nini?"

"Panda."

Nikapanda. Ziwa nililiona kwa mara ya kwanza nikiwa natetemeka, maana ukungu wa kule unaingia mpaka mifupani, na mtu wa Tanga baridi anaijua kwa kusikia tu. Maji yalikuwa meusi na yametulia. Penye mlango wa ziwa wanawake walikuwa wamelaza vigogo vya migomba, wakaviziba kwa udongo mfinyanzi. Maji yalipopanda nyuma ya kizuizi hicho, yaliingia mfereji uliofichwa na matete upande wa pili, yakaenda kwenye mashamba yao ya maharage. Mfereji ule ulichimbwa na mababu zao. Ofisi haikujua habari zake, na wenyewe hawakuona sababu ya kuieleza.

Nilimwuliza Mzee Singano, "Hili nalo naliandika wapi?"

Alikifungua kitabu. Palikuwa na safu ya tarehe, ya saa, ya ubao wa juu na ya ubao wa chini.

"Umeona safu ya migomba hapo?"

"Hapana."

"Basi."

Mwaka uliofuata Mzee Singano alistaafu, nikabaki na mlima wangu. Sitadanganya kuwa niliupenda. Kuna Jumatano nilizoupanda nikiutukana jiwe kwa jiwe, na matusi ya Makorora yana urefu. Lakini nilifika. Siku ambazo mto ulifurika ukanizuia, niliacha mstari mtupu, nikaandika "sikufika". Kitabu changu kilikuwa na mistari mitupu kadhaa, na niliionea fahari kuliko ile iliyojaa.

Kisha kikaja kiangazi kimoja kirefu, na pamoja nacho akaja injinia mpya, Mzungu kijana aliyevaa mabuti makubwa hata ofisini. Tulimwita Bwana Buti. Alikuwa mchapakazi, hilo nampa. Alisoma vitabu vyote vya wasoma vipimo tangu mwanzo, akafika kwangu, akaniita. Karani alikuwa amesimama kando ya meza na karatasi iliyokwisha pigwa chapa.

"Wewe nasema huku juu maji napanda," akasema Bwana Buti, kidole kikiwa juu ya safu. "Huku chini maji nashuka. Maji ni moja. Hii hapana wezekana."

"Ndivyo mbao zilivyosema, bwana."

"Mbao hapana sema. Wewe nakaa Muheza, nakula machungwa, naandika namba ya uwongo."

Karani akanisomea karatasi. Ilisema kwamba mimi, fulani bin fulani, nakiri kuwa nilibuni vipimo vya Kwemazi bila kufika. Nikitia sahihi nitasamehewa, nitapewa kazi ya kufagia bohari. Nisipotia, kazi yangu imekwisha Ijumaa.

Ningeweza kujiokoa kwa sentensi moja. Ningesema, "Bwana, wanawake wa kule wanaziba mlango wa ziwa." Hesabu yake ingekaa sawa mara moja. Lakini nilijua siku za karibuni walivyosumbuliwa na amri ya kulima matuta, jinsi mabwana shamba walivyong'oa mimea ya watu kwa kuwa haikupandwa kwa mstari walioutaka. Mfereji ule ungebomolewa kabla ya mwezi kuandama. Nikanyamaza kuhusu wanawake. Kuhusu mimi mwenyewe sikuweza kunyamaza.

"Sitii sahihi," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilifika. Twende Jumatano, bwana, mimi na wewe. Twende na kurudi siku moja. Ukikuta mbao zinasema vingine, nitatia sahihi nimepiga magoti."

Karani alifumba macho. Bwana Buti alinitazama, uso ukamwiva, akasema, "Jumatano."

Nilitoka pale nimejaa kifua kama jogoo. Nilifika mpaka njiapanda ya kwenda Makorora ndipo akili ikanirudia. Nilikuwa nimemwalika mtu wa ofisi kwenda kusimama juu ya kizuizi cha migomba. Waliosema mdomo uliponza kichwa walinijua mimi. Tena haikuwa hilo tu. Nikiita mara nne kama ilivyo desturi, wanawake watafungua maji, ziwa litashuka, na ubao wa juu utamwambia Bwana Buti kwamba mimi ni mwongo. Nikiita mara tatu, ubao utasema kweli, kazi yangu itapona, na wao watakamatwa na udongo mikononi. Siku zile mbili sikula vizuri. Mama aliuliza kama ninaumwa, nikamwambia naumwa ulimi.

Jumatano ikafika. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Lori lilitushusha, nikatangulia na panga, yeye nyuma na mkoba na chupa ya chai. Mwendo wa kwanza, kwenye mashamba ya iliki, alikuwa akipiga mluzi. Njia ya msituni ilipoanza kusimama wima, mluzi ukakoma. Tulivuka mto mara tatu juu ya magogo yenye ukoga. Mara ya pili aliteleza akakaa majini mpaka kiunoni, akainuka, akaendelea. Siafu walimpata penye mgongo wa tatu wa mlima. Nilimwambia avue, akakataa, kisha akavua. Mbega wawili walikuwa juu ya mti wakitazama.

Tulifika chini ya poromoko saa nne na nusu. Aliuendea ubao wa chini, akasimama akasoma.

"Futi moja, inchi tatu."

"Chuchumaa, bwana."

Alinigeukia kwa hasira. Nikarudia. Akachuchumaa, akasoma tena. Futi moja, inchi mbili, kama kitabu changu cha wiki iliyopita. Akaiandika.

Tukaanza ukuta. Asiyeufahamu ajue kwamba hapo hakuna njia, kuna mizizi. Mkono mmoja unashika, mguu unatafuta, na kushoto kwako maji yanaanguka yakikurushia manyunyu usoni. Mabuti yake yalikuwa mazuri kwa barabara. Mara mbili nilimshika mkanda. Mara ya tatu tulitulia kwanza, mashavu yetu yamelala kwenye mwamba, akauliza kwa shida, "Wewe kweli napanda hapa kila wiki?"

"Kila Jumatano, bwana."

Tukafika kwenye jiwe lililochomoza. Niliweka viganja mdomoni. Niliita mara moja, ya pili, ya tatu. Nikashusha mikono. Niliogopa, sioni sababu ya kuficha. Nilimwona mama yangu akisikia nimefukuzwa kwa uwongo, na jirani yetu akija kumpa pole. Kisha nikaona jinsi nitakavyopanda hapa Jumatano nyingine na kazi yangu imepona, nikipita kando ya maharage yaliyokauka. Nikainua mikono, nikaita ya nne, ndefu kuliko zote.

"Nini hii?" akauliza.

"Desturi, bwana. Tunabisha hodi."

Tulipoendelea kupanda sikumtazama tena. Nilisikiliza poromoko tu. Wakifungua juu, maji yataongezeka kishindo, na nikisikia kishindo hicho nimekwisha. Nilipanda nimetega sikio. Maji yaliendelea kuanguka vilevile, hayakuzidi hata kidogo. Nikajua hawakusikia, na moyo ukaniuma kwa upande ule mwingine.

Tulipotokeza juu, wanawake saba walikuwa wamesimama juu ya kizuizi, majembe mikononi, khanga zimefungwa kiunoni. Mbele yao alikuwa Mama Mkunde, mama wa makamo ambaye ndiye aliyekuwa akiniitikia miaka yote. Nikamwamkia shikamoo, akaitika. Nikasema kwa sauti ya chini, "Mama, niliita nne."

"Tulisikia. Nne zote," akasema. Wala hakushusha sauti. "Maharage yana maua, mwanangu. Mgeni atapita, maua hayangoji. Tufungue maji yetu kwa sababu ya nani?"

Bwana Buti alikuwa ameshauendea ubao. Safari hii alichuchumaa bila kuambiwa. Futi tatu, inchi nane. Kitabu changu cha wiki iliyopita kilisema futi tatu, inchi saba. Alikaa pale akitazama maji, na mimi nikatazama kisogo chake. Nasema kweli, nilifurahi kwa furaha mbaya. Kisha akainuka, akaona migomba.

"Nani nafunga maji?"

"Sisi," wakasema wanawake, si kwa pamoja, mmoja mmoja.

Akanigeukia. "Vunja."

Panga lilikuwa mkononi mwangu. Nikaliweka chini kwenye nyasi.

"Niliajiriwa kuyasoma maji, bwana. Kuyaamuru sikuajiriwa."

"Mimi naamuru!"

"Umeniamuru. Nimekataa."

Vijana wangu, sikuwa shujaa. Lakini mtu aliyeitwa mwongo akapanda saa tano kuthibitisha kuwa si mwongo, hawezi kugeuka chombo cha kubomolea watu saa hiyohiyo. Bwana Buti alilichukua panga mwenyewe, akaingia majini kupitia pembeni mwa kizuizi, akaikata kona moja. Pale ndipo wanawake huchimba udongo wao wa kuzibia. Alipotaka kusogea mbele akate zaidi, hatua ya tatu alizama mpaka mapajani. Kadiri alivyovuta mguu, tope lilimvuta yeye.

Wanawake walimwangalia. Hawakuwa na haraka.

"Mwambie asipigepige miguu," akasema Mama Mkunde. "Alale kifudifudi, ashike mpini."

Nikamwambia. Akalala juu ya tope na nguo zake za kaki, akashika mpini wa jembe, na wanawake wanne wakamvuta kama wanavyovuta gogo. Alitoka na buti moja. La kushoto liko Kwemazi mpaka leo. Walimfunga mguu kwa maganda ya mgomba, wakampa makande kwenye kata, naye akala yote, kwa kuwa njaa ya mlima haina cheo. Hakuna aliyemcheka mbele yake. Tuliteremka polepole, mimi mbele nikimwonyesha pa kukanyaga, na lori lilitukuta jua limeshazama.

Alhamisi aliniita. Karatasi ya kukiri ilikuwa imechanika vipande viwili kapuni. Mezani palikuwa na nyingine, tupu.

"Majina ya wale mama," akasema.

"Sina majina, bwana."

"Wewe nawajua."

"Nawajua. Sikupi."

Karani alifumba macho tena, maskini, alikuwa na kazi ngumu. Bwana Buti aligonga penseli mezani muda mrefu. Kunifukuza angeweza, lakini alikuwa ameiona njia, na alijua hapatikani mwingine wa kuipanda. Mwishowe akasema sitahamishwa. Nilikuwa nimeomba kipimo cha Pangani, ambako msomaji hutembea dakika kumi kwenye mchanga. Alisema nitabaki Kwemazi mpaka nizeeke. Alisema pia atapeleka saruji kuujenga mlango wa ziwa, lakini wapagazi wa Muheza walipoelezwa ukuta ulivyo walisema aibebe kichwani mwenyewe. Kabla hajapata wengine, alihamishiwa mkoa mwingine. Mimi nilibaki Kwemazi miaka kumi na minne.

Jumatano iliyofuata nilipanda peke yangu, nikaita mara tatu. Mama Mkunde alikuwa peke yake kizuizini, amepiga magoti penye kona aliyoikata Bwana Buti. Kiraka walichokiweka kilikuwa kimebomoka usiku uliopita, maji yalikuwa yakivuja hapo na mfereji ulikuwa mkavu.

"Umetuandika?" akaniuliza bila kuinua kichwa.

Nilifungua kitabu nikamsomea mstari wa wiki ile: tarehe, saa, futi tatu na inchi nane, futi moja na inchi mbili. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu, mama."

"Basi weka hicho kitabu pakavu, uje ushike hapa."

Nikavua viatu, nikaingia majini. Nilishika kigogo cha mgomba naye akakandika udongo, kisha yeye akashika nami nikakandika. Baridi ya maji yale siwezi kuieleza kwa Kiswahili cha Makorora. Tulipomaliza tulikaa ukingoni tukala, tukingoja. Baada ya saa nzima mfereji ulianza kulia kidogo nyuma ya matete. Nikauendea ubao wa juu, nikachuchumaa, nikangoja maji yatulie. Yalikuwa yamepanda inchi moja na nusu tangu nifike. Nikaandika nilichokiona, kwa mkono wenye tope, na kila tarakimu ilikuwa kweli.